Watoto Waliofundisha Watoto: Habari za Njia Mbili za Kufundisha

Kila fundi ana vyombo vyake, na kila chombo kina asili yake. Seremala ashikapo randa, au mvuvi atupapo wavu, mara nyingi hamjui mtu aliyekitengeneza chombo kile mara ya kwanza, wala haja iliyomsukuma kukitengeneza. Hali yetu sisi walimu ni hiyo hiyo. Twapokea njia za kufundisha mikononi mwa waliotufundisha, au mikononi mwa wakaguzi; twaambiwa, Fanyeni hivi, nasi twafanya. Hata ikipita miaka michache twaambiwa, Acheni ile, shikeni hii; nasi twaacha ile na kushika hii. Ni wachache wanaouliza: Njia hii ilizaliwa wapi? Ilizaliwa kwa haja gani? Na walioishika kabla yetu iliwafikisha wapi?

Tumeona vema basi kuwasimulia wasomaji, na hasa walimu wenzetu wenye darasa kubwa na vitabu vichache, habari za njia mbili zilizoshindana Ulaya yapata miaka mia mbili iliyopita. Moja ilitaka watoto wengi wafundishwe kwa fedha chache. Ya pili ilitaka kila mtoto afahamu akijifunzacho. Mashindano hayo hayajaisha. Kila asubuhi yaingia pamoja nasi mlangoni mwa darasa.

I. Mchanga wa Madras

Andrew Bell alikuwa mtu wa Uskochi, aliyezaliwa katika mji wa St Andrews mwaka 1753. Mwaka 1787 alikwenda Bara Hindi, na mwaka 1789 akapewa usimamizi wa nyumba ya yatima wa kiume wa askari, mahali paitwapo Egmore, katika Madras, mji ambao leo huitwa Chennai. Watoto wale walikuwa wana wa askari wa Kizungu, na wengi wao mama zao walikuwa Wahindi. Walimu wa nyumba ile walilipwa kidogo, nao walifanya kazi kwa kadiri ya malipo yao.

Asubuhi moja Bell alipita juu ya farasi karibu na shule ya wenyeji, akaona watoto wameketi chini, wakiandika herufi kwa vidole vyao katika mchanga. Jambo lile likampendeza. Aliporudi aliagiza kwamba watoto wadogo wa nyumba yake wafundishwe vivyo hivyo, kwa mchanga. Mwalimu aliyewekwa juu ya watoto hao akasema haiwezekani. Bell hakubishana naye. Alimwita mtoto mmoja wa miaka minane hivi, jina lake John Frisken, mwana wa askari, akamwambia awafundishe wenzake herufi kwa mchanga. Jambo lililomshinda mtu mzima likawezekana kwa mtoto. Kisha Bell akaweka watoto wengine juu ya madarasa mengine, mpaka shule karibu yote ikawa inafundishwa na wanafunzi wenyewe, na walimu wakabaki kuwa waangalizi tu.

Na tuangalie jambo hili kwa makini, maana mara nyingi husimuliwa kana kwamba Bell alibuni kitu kipya kabisa. Shule za vijiji vya Bara Hindi zilikuwa zikiandika mchangani, na wanafunzi wakubwa wakiwafundisha wadogo, kabla Bell hajazaliwa. Wala msomaji wa pwani yetu hatastaajabu. Katika vyuo vyetu vya Kurani mtoto huandikiwa ubao, akausoma hata akauhifadhi, ukaoshwa, ukaandikwa tena. Na aliyetangulia humsikiliza anayefuata, naye mwalimu huketi akiwasikia wote kwa pamoja, na anayekosea sauti yake humfikia. Tena neno lenyewe tulitumialo kwa mwanafunzi awaongozaye wenzake, yaani kiranja, ni neno la jandoni, jina la kijana anayewatangulia wenziwe. Kwa hiyo njia hii haikutoka Ulaya kuja kwetu. Ilitoka Asia kwenda Ulaya, nayo ilikuwa na ndugu zake katika Afrika.

Bell aliondoka Bara Hindi mwaka 1796, na mwaka 1797 akapiga chapa kitabu kidogo mjini London kueleza mambo aliyoyaona. Watu wachache walikisoma.

II. Shule ya Borough Road

Mwaka uliofuata, yaani 1798, kijana wa miaka kama ishirini, jina lake Joseph Lancaster, alifungua shule ya watoto maskini huko Southwark, mtaa wa London ulio kusini ya mto Thames. Alikuwa mfuasi wa dini ya Quaker. Alitangaza kwamba yeyote apendaye amlete mtoto wake afundishwe bure, na asiyependa kupewa bure na alipe. Watoto wakaja wengi kupita nafasi. Lancaster hakuwa na fedha za kuajiri wasaidizi. Na mtu asiye na fedha hutumia alicho nacho. Yeye alikuwa na watoto, basi akawatumia watoto.

Baadaye alisoma kitabu cha Bell, na mwaka 1804 akamwendea, wakazungumza kwa urafiki. Lakini Lancaster alikwisha kuitengeneza njia hii kwa namna yake, akaipanga kama mtambo. Hebu tuingie katika shule yake ya Borough Road tuione, maana mambo madogo ya shule ndiyo yaonyeshayo roho yake.

Chumba ni kimoja tu, kikubwa sana, nacho chaweza kukusanya watoto wapata elfu moja. Mwalimu ni mmoja, amesimama juu ya jukwaa mbele. Watoto wamegawanywa katika mafungu madogo, na kila fungu lina kiranja wake. Wadogo kabisa wameketi mbele ya meza yenye mchanga uliosawazishwa. Kiranja aonyesha herufi, nao waiandika kwa kidole, kisha mchanga wasawazishwa tena. Walioendelea wana vibao vya mawe. Kiranja ataja neno, wote waliandika kwa mara moja, wote wainua vibao, naye apita akiangalia. Wa kusoma hawana vitabu mikononi. Kurasa za kitabu kimoja zimepigwa chapa kwa herufi kubwa na kutundikwa ukutani, na watoto wasimama mbele yake kwa mstari uliopinda kama mwezi mchanga. Asomaye vibaya husahihishwa na aliye nyuma yake, na yule aliyesahihisha hupanda mahali pake. Hivyo kitabu kimoja chatosha shule nzima.

Kila jambo lina amri yake. Kuna amri ya kuketi, amri ya kuonyesha vibao, hata amri ya kutupa kofia mgongoni, maana kila kofia imefungwa uzi ili isipotee. Kuna kiranja wa vibao, kiranja wa kuandika waliokuja na wasiokuja, na kiranja wa viranja. Lancaster hakupenda fimbo. Badala yake alitoa zawadi kwa waliofanya vema, nao waliokosa aliwaaibisha mbele ya wenzao: wengine walifungwa gogo la mti shingoni, wengine walipandishwa darini ndani ya kapu kama ndege katika tundu. Twasoma mambo haya kwa huzuni. Mtu aweza kuitupa fimbo na asiutupe ukali.

Walakini tusimhukumu upesi. Na tukumbuke shule za maskini zilivyokuwa kabla yake. Mtoto mmoja mmoja aliitwa mbele ya mwalimu, akasoma mstari wake, akarudi mahali pake. Na wale wengine hamsini wakati huo walikaa bure, au walipigana. Lancaster alitaka kila mtoto awe na kazi kila dakika. Tena hakumweka mtoto katika darasa kwa umri wake, bali kwa maarifa yake. Na aliyekuwa mbele kwa kusoma na nyuma kwa hesabu aliwekwa darasa la juu kwa kusoma na la chini kwa hesabu. Jambo hili ni la hekima, na shule nyingi za leo zingali hazijalifikia.

Sifa zake zikaenea. Mwaka 1803 alitoa kitabu chake; mwaka 1805 Mfalme George wa Tatu alimpokea na kumsaidia kwa fedha. Mwaka 1808 rafiki zake waliunda chama cha kuzichukua shule zake, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuzama katika madeni. Chama hicho kiliitwa tangu mwaka 1814 British and Foreign School Society. Watu wa Kanisa la Uingereza nao hawakupenda watoto wa nchi wafundishwe na Quaker asiyefuata mafundisho ya kanisa lao. Wakamshika Bell kuwa mtu wao, na mwaka 1811 wakaunda chama chao, National Society. Ndipo ukaanza ugomvi wa kujua nani aliyebuni njia hii kwanza, Bell au Lancaster. Watoto wa Madras waliokuwa wakiandika mchangani hawakutajwa sana.

Njia ya viranja ilisafiri kama moshi katika upepo. Ilifika New York mwaka 1806, na Ufaransa mwaka 1815. Mwaka 1822 iliundiwa chama chake katika Mexico. Hata katika kisiwa cha Bukini, wamisionari wa London waliofungua shule huko Antananarivo mwaka 1820, katika siku za Mfalme Radama wa Kwanza, waliitumia njia hii. Serikali ya Uingereza ilipotoa fedha za shule kwa mara ya kwanza, mwaka 1833, ilitoa pauni 20,000, nazo zikapita mikononi mwa vyama hivyo viwili.

III. Palipovunjika

Sasa twauliza: njia yenye sifa namna hii iliangukaje? Jibu limo ndani ya sifa yake yenyewe. Lancaster alijisifu kwamba katika hesabu kiranja hana haja ya kujua hesabu. Akiwa aweza kusoma tu, yatosha. Atapewa karatasi yenye maswali na majibu na kila hatua ya kazi. Asome kwa sauti, na wenzake waandike. Kwa maneno mengine, alijivunia shule ambayo mwalimu wake haihitaji akili.

Tufikiri mambo yalivyokuwa. Mtoto amekosa kutoa. Ameandika 34 ukitoa 18 ni 24. Kiranja atazama karatasi yake, aona imeandikwa 16, asema, Umekosa. Amesema kweli. Lakini kwa nini mtoto amekosa? Mwenye kujua ataona mara moja kwamba mtoto ametoa namba ndogo katika kubwa kila mahali, bila kuangalia ipi ni ya juu na ipi ni ya chini: katika mamoja ametoa 4 katika 8, katika makumi ametoa 1 katika 3. Kosa lake lina sababu, na sababu yake ndiyo mlango wa kumfundisha. Kiranja hauoni mlango huo. Yeye ana jibu, hana ufahamu. Na asiyekuwa na ufahamu hawezi kuugawa.

Serikali ilipoanza kutuma wakaguzi, tangu mwaka 1839, hao walikuta watoto wasomao maneno vizuri wasijue maana yake. James Kay-Shuttleworth, aliyekuwa katibu wa mambo ya elimu, alikwenda Uswisi mwaka huo kuangalia shule za huko. Na mwaka 1840 akafungua chuo cha walimu huko Battersea. Kisha mwaka 1846 akaweka sheria kwamba badala ya viranja wadogo, shule zichukue vijana wa miaka kumi na mitatu, wafundishwe kazi kwa miaka mitano chini ya mwalimu mwenye ujuzi, na serikali iwalipe. Hivyo mtoto aliyefundisha akageuzwa kuwa kijana ajifunzaye kufundisha. Tofauti yaonekana ndogo, lakini ndiyo tofauti kati ya mtambo na ufundi.

Na hao mabwana wawili? Lancaster aligombana na rafiki zake, akaenda Marekani mwaka 1818, akafika hata Caracas, akifuatwa na madeni. Alikufa mwaka 1838 baada ya kugongwa na gari la farasi mjini New York. Bell alikufa tajiri mwaka 1832, akazikwa Westminster Abbey. Na hapa pana jambo la kufikiri: kwa mali aliyoiacha Bell, vyuo vikuu vya Edinburgh na St Andrews viliweka mwaka 1876 maprofesa wa kufundisha elimu ya ualimu, wa kwanza katika nchi ile. Mali ya mtu aliyeamini kwamba mtoto atosha kuwa mwalimu ikatumika kuwafundisha watu kwamba ualimu ni elimu.

IV. Mzee wa Stans

Siku zile zile Lancaster alipokuwa akifungua mlango wake London, mtu mwingine alikuwa katika nchi ya Uswisi, naye alikuwa amekwisha kupita miaka hamsini na karibu kila alichogusa kilikuwa kimemharibikia. Huyo ni Johann Heinrich Pestalozzi, aliyezaliwa Zurich mwaka 1746. Alijaribu kilimo, akashindwa. Alikusanya watoto maskini shambani mwake, fedha zikamwishia. Mwaka 1798 majeshi ya Ufaransa yaliuharibu mji wa Stans, watu wengi wakauawa, na watoto wakabaki bila wazazi. Pestalozzi akapewa jengo la watawa na watoto wapata themanini, wengi wao wagonjwa, wenye chawa na upele, wenye njaa na woga. Msaidizi alikuwa mmoja tu, mwanamke wa kuangalia nyumba.

Alikaa nao tangu Januari mpaka Juni 1799, akila nao na kulala kati yao. Hakuwa na vitabu, wala walimu. Alifanyaje? Alifanya kama Bell na Lancaster: alimweka mtoto ajuaye kati ya wawili wasiojua, naye akawaonyesha. Watoto wakafundisha watoto! Haja ilikuwa ile ile, na dawa ilikuwa ile ile. Lakini roho ya kazi ilikuwa mbali sana. Katika Borough Road mtoto alisaidia kwa kuwa ana cheo na karatasi ya majibu. Katika Stans alisaidia kama kaka amsaidiavyo mdogo wake nyumbani, na Pestalozzi mwenyewe alikuwa kati yao akiangalia nini kinachotokea katika akili ya kila mmoja.

Vita vilirudi, jengo likatwaliwa kuwa hospitali, na kazi ile ikakoma baada ya miezi mitano. Lakini Pestalozzi alikuwa ameona neno ambalo hakuliacha tena mpaka kufa kwake mwaka 1827: mtoto hujifunza kwa kuona kitu chenyewe kabla ya kupewa jina lake, kwa kuanza karibu na kwenda mbali, kwa kuanza na jepesi na kwenda kwenye gumu, na elimu iwe ya kichwa, ya moyo na ya mikono kwa pamoja. Alifundisha hayo katika Burgdorf, kisha Yverdon tangu mwaka 1805 hata 1825, na wageni wa nchi nyingi walikwenda kumtazama.

Mmoja wa wageni hao alikuwa Andrew Bell mwenyewe, mwaka 1816. Mabwana hao wawili, kila mmoja na njia yake, walikutana ana kwa ana. Bell hakupendezwa. Yasimuliwa kwamba alipoondoka alisema kuwa baada ya miaka kumi na miwili njia ya viranja itakuwa imeshika ulimwengu wote, na ya Pestalozzi itakuwa imesahauliwa. Utabiri huo haukutimia. Lakini tusifurahi upesi; maana njia ya Pestalozzi haikusahauliwa, ila iligeuzwa, na pengine kugeuzwa ni kubaya kuliko kusahauliwa.

V. Njia iliyogeuka maneno

Mwingereza Charles Mayo alikaa Yverdon miaka michache, akarudi kwao. Karibu na mwaka 1830 dada yake, Elizabeth Mayo, akatoa kitabu cha masomo ya vitu, ili walimu wapate mfano. Somo la kwanza ni kioo: watoto wapewe kipande cha kioo, wakishike, wakitazame, waseme wenyewe walichokiona, kwamba ni kigumu, ni laini juu yake, chapitisha nuru, chavunjika upesi. Somo ni zuri. Lakini mwalimu mwenye watoto mia na kioo kimoja, au asiye na kioo kabisa, alifanyaje? Alisoma maneno ya kitabu, watoto wakayaitikia. Yale masomo yaliyotungwa ili kuwaokoa watoto katika maneno matupu yakawa yenyewe maneno matupu. Mwandishi Charles Dickens aliyacheka mambo haya katika kitabu chake Hard Times, mwaka 1854: msichana aliyekulia kati ya farasi ashindwa kueleza farasi ni nini, na mvulana aliyekariri maelezo ya meno na kwato zake ndiye asifiwaye.

Habari ya Johann Friedrich Herbart, Mjerumani, yafanana na hiyo. Alikuwa mwalimu wa nyumbani wa wana watatu wa mtu mkubwa mmoja huko Bern, na mwaka 1799 alimtembelea Pestalozzi. Aliangalia jinsi wazo jipya linavyoshikamana na mawazo yaliyokwisha kuwamo moyoni mwa mtoto, na baadaye, alipokuwa profesa, akaeleza hatua nne za kujifunza. Baada ya kufa kwake mwaka 1841, Tuiskon Ziller na Wilhelm Rein wakazifanya kuwa tano: kutayarisha mawazo, kutoa jambo jipya, kulilinganisha na yajulikanayo, kupata kanuni, na kuitumia kanuni. Hatua hizo zikaenea Marekani, na Japani pia, alikopelekwa Mjerumani Emil Hausknecht mwaka 1887. Mambo yaliyofikiriwa na mtu mwenye wanafunzi watatu yakafanywa sheria ya kila saa katika darasa za watoto sitini. Mkaguzi akaja na karatasi yake kutazama kama hatua zote tano zimo. Hakuwa na nafasi ya kutazama kama watoto wamefahamu.

Hata Uingereza, baada ya kuwaacha viranja, ilianguka katika shimo jingine. Mwaka 1862 Robert Lowe aliweka sheria ya kuilipa shule kwa mitihani. Mtoto akishindwa kusoma, shule yakatwa shilingi mbili na peni nane. Akishindwa kuandika, kadhalika. Na hesabu, kadhalika. Basi walimu, ambao mshahara wao ulitegemea fedha hizo, waliwakaririsha watoto kitabu cha mtihani toka mwanzo hata mwisho, na watoto wengine waliweza kukisoma kitabu kilichogeuzwa juu chini. Matthew Arnold, mshairi aliyekuwa mkaguzi wa shule tangu mwaka 1851, aliipinga sheria hiyo kwa nguvu. Lakini haikuondoka kabisa mpaka mwisho wa karne ile. Sheria moja ya fedha ilifundisha zaidi kuliko vyuo vyote vya ualimu, na ilifundisha vibaya.

VI. Na kwetu je?

Pengine msomaji atasema, Haya ni mambo ya Wazungu waliokufa. Na tutazame nyumbani. Tanzania iliazimia huko Musoma mwaka 1974 kwamba watoto wote waingie shule za msingi, na mwaka 1977 ikawa hivyo. Walimu hawakutosha, basi vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakafundishwa kazi huku wakifundisha. Ni haja ile ile ya Southwark, na dawa iliyofanana na ile ya mwaka 1846. Wengine walilaumu kazi ya vijana hao. Lakini wapo maelfu ya watu wazima wanaosoma barua zao wenyewe leo kwa sababu ya kijana mmoja aliyesimama mbele yao na chaki. Kenya nayo ilipofuta ada za shule za msingi mwaka 2003, watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka madarasani. Mlango ulifunguliwa kwa haki. Lakini mwalimu aliyekuwa na watoto arobaini jana, leo akakuta themanini.

Mwalimu huyo hawezi kufanya kama Herbart na wanafunzi wake watatu. Wala asilaumiwe akigawa darasa kwa mafungu na kuweka viranja. Ila na ajue afanyalo. Kiranja aweza kusikiliza mwenzake akisoma. Aweza kugawa vibao, kuonyesha jinsi ya kushika kalamu, kurudia mfano uliokwisha kufahamika. Kazi ya kujua kwa nini mtoto amekosa, hiyo haigawiki. Ni ya mwalimu mwenyewe. Faida ya viranja isiwe kumpumzisha mwalimu, bali kumfungua mikono ili amwendee yule mmoja asiyeelewa, aketi naye kando, atazame kazi yake, amwulize, Umefanyaje mpaka ukapata hivi? Swali hili halina gharama, wala halihitaji kitabu. Nalo ndilo ambalo kiranja wa Lancaster hakuweza kuliuliza, kwa kuwa karatasi yake haikuwa na jibu lake.

Vivyo hivyo na andalio la somo. Tumezoea kuandika utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha, kutafakari na hitimisho. Na ajuaye habari za Rein ataona jamaa ya zile hatua tano. Hatusemi yaachwe, mtu aendaye safari ndefu hupanga njia. Lakini tumeona jinsi hatua nzuri zilivyoua masomo, mwalimu alipotazama hatua na kusahau watoto. Mtoto akiuliza swali katikati ya hatua ya pili ambalo lafungua mambo yote, mwalimu mwema huiacha hatua ya tatu ingoje.

Tena tusidanganyike na neno "mpya." Kuwafundisha watoto kwa watoto kuliitwa kupya London mwaka 1803, na kulikuwa kwa zamani katika Bara Hindi. Kujifunza kwa kuona na kutenda kuliitwa kupya Yverdon. Na bibi zetu waliwafundisha wajukuu kupepeta na kusuka ukili kwa kuwapa ungo na ukindu mikononi, si kwa kuwakaririsha majina yake. Tukiletewa njia, na tuipokee kwa heshima, na tuiulize maswali kama mgeni aliyefika usiku: Umetoka wapi? Ulikuwa na watoto wangapi huko? Ulikuwa na vitabu? Waliokutumia walilipwa kwa jambo gani? Ikijibu vema na ikae. Ikiwa ilizaliwa kwa watoto watatu, tuikate ienee kwa themanini; ikiwa ilizaliwa kwa elfu, tuikate imwenee mmoja.

Wazee husema kupotea njia ndiko kujua njia. Lakini si lazima kila mwalimu apotee mwenyewe, wakati wenziwe waliotangulia wamekwisha kupotea na kuacha nyayo zao. Mtoto aliyeketi mbele yetu hana miaka mingine ya kuwa na umri huu. Somo alilolikosa mwaka huu kwa sababu mwalimu wake alishika njia akamwacha yeye, pengine hatalipata tena. Basi tushike njia kwa mkono mmoja, na mtoto kwa mkono wa pili. Na ikitupasa kuachilia kimoja, tuiachilie njia.